Wazee na vijana wa LGBTQ: tuwakutanishe vipi kwa sanaa na masimulizi?

Tumaini_Pembeni

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote, na kwa wakubwa shikamooni.

Mimi ni mmoja wa waratibu wa kikundi kidogo cha watu wa LGBTQ (wapenzi wa jinsia moja au wa jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na wengineo) ambacho kimedhamiria kuwakutanisha wenzetu waliovuka miaka sitini na wale walio katika miaka ya ishirini. Nia tunayo, chumba tunacho, na wapo wazee kadhaa ambao wamekubali kuja. Kinachonisukuma kuandika ni jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu: vijana wa jamii nyingine hupata habari za watu wao nyumbani, kwa babu na bibi, kwa hadithi za jioni na kwa majina ya marehemu yanayotajwa tangu utotoni, ilhali kijana wetu, mara nyingi, hulelewa na watu wasiofanana naye kwa jambo hili moja, na kwa hiyo hana wa kumrithisha habari za waliomtangulia. Hujitambua akiwa peke yake, hujitafutia maelezo kwenye intaneti, na anaweza kufika utu uzima pasipo kumfahamu hata mtu mmoja wa LGBTQ mwenye mvi. Mzee naye huenda hana mtoto wala mjukuu wa kumwachia picha na barua zake, na anapofariki vitu hivyo hutupwa na ndugu ambao ama hawajui thamani yake ama wanavionea haya.

Zaidi ya hapo, kuna pengo ambalo halikuletwa na umri. Tangu tarehe 5 Juni 1981, taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI ilipochapishwa nchini Marekani, hadi mwaka 1996, matibabu ya kuchanganya dawa yalipoanza kuokoa maisha ya wengi, wanaume wapenzi wa jinsia moja na wanawake waliobadili jinsia walizikana kwa wingi katika miji mingi ya dunia. Watu hao leo ndio wangekuwa wazee wetu. Waliobaki wanabeba kumbukumbu zao na za wengine wasiokuwepo, na siku zinakwenda.

Naomba ushauri wa watu waliowahi kuifanya kazi hii. Tuanze na sanaa ipi, hasa ikizingatiwa kwamba wengi wetu si wasanii? Mzee asimulie nini, na kijana naye atoe nini? Na usalama wa wale ambao hawajajitambulisha kwa familia zao tuulinde vipi? Nisichokitaka ni mkutano ambao mzee anazungumza saa nzima, vijana wanapiga makofi, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Sindano_na_Uzi

Ndugu mwenye mada, ushauri wangu ni kwamba msianze na mazungumzo. Anzeni na kazi ya mikono. Watu wawili wasiojuana wakiketishwa wakitazamana na kuambiwa wazungumze, mkubwa hujiona anapimwa na mdogo hujiona anahubiriwa. Lakini wakiketi ubavu kwa ubavu, macho yao yakiwa kwenye kitambaa kimoja, mmoja ameshika mkasi na mwingine anapitisha uzi, hakuna anayelazimika kuujaza ukimya, na mambo mazito husemwa katikati ya maombi madogo madogo ya kupitishiwa pini.

Mfano mkubwa zaidi ninaoufahamu ni ule wa San Francisco. Mwezi Novemba 1985 waandamanaji wa mji huo waliandika kwenye mabango majina ya watu wao waliofariki kwa UKIMWI, wakayabandika kwenye ukuta wa jengo la serikali. Cleve Jones, aliyekuwa miongoni mwa waandaaji, alipoutazama ukuta ule aliuona umefanana na blanketi la viraka, lile ambalo familia hulishona kwa vipande vya nguo na kurithishana, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kushona blanketi la kumbukumbu. Tarehe 11 Oktoba 1987 lilitandazwa kwa mara ya kwanza mjini Washington likiwa na vipande 1,920. Leo lina vipande vipatavyo 50,000 na majina ya watu zaidi ya 110,000. Kila kipande kina upana wa futi 3 na urefu wa futi 6, kiasi cha kaburi la mtu mmoja, na vipande vinane huunganishwa kuwa mraba wa futi 12.

Nimevitaja vipimo kwa sababu vina maana katika swali lako. Kitambaa cha futi 6 hujaza meza nzima, na mtu mmoja akikishona peke yake kitamponyoka na kujikunja. Kinahitaji mikono ya watu wawili au watatu, na kwa siku kadhaa. Kazi yenyewe, basi, ndiyo inayowaita watu warudi. Msijifunge, hata hivyo, kwenye misiba. Kila jozi ya mzee na kijana inaweza kutengeneza kipande kimoja ambacho nusu yake ni ya mtu, mahali au jambo ambalo mzee hataki lisahaulike, na nusu ya pili ni ya jambo ambalo kijana angependa mzee alijue kuhusu maisha ya sasa. Mzee akiweza, alete nguo halisi: ukosi wa shati, mfuko wa suruali, kitambaa cha kichwani. Nguo iliyowahi kuvaliwa huzaa maswali ambayo hakuna mwezeshaji angeyafikiria, kama vile ilikuwa ya nani, na kwa nini kifungo kimoja hakifanani na vingine.

Kwa upande wa ufundi, herufi zikateni kwenye kitambaa kisha mzishone, msizigandishe kwa gundi, kwa kuwa gundi hukauka na kubanduka baada ya miaka michache, na kazi ya namna hii inapaswa kuishi kuliko sisi. Asiyejua kushona afundishwe palepale. Nimeona mara nyingi kwamba mzee ndiye anayejua mshono, lakini macho yake hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo kijana humtungia uzi na yeye humfundisha kijana kupiga pindo. Na kuanzia hapo hakuna tena mgeni na mwenyeji.

Bi_Mkubwa

Marahaba, wanangu.

Nimeisoma mada hii kwa utulivu, na nimefurahi kuona kwamba wapo wanaotuwaza. Nimevuka miaka sitini, na tangu ujana wangu nimependa wanawake. Naomba mnaopanga mkutano huu mlisikilize la upande wetu kabla hamjaamua.

Kwanza, msituite ili tuje kulia. Vijana wanaotujia kutaka habari, karibu wote huanza na swali la mateso: ulipigwa, ulifukuzwa, ulifungwa? Mateso yalikuwepo na sitayakana. Lakini kama hayo ndiyo pekee yanayoulizwa, mtu atadhani kwamba maisha yetu yalikuwa ni kujificha tu, ilhali tulicheza dansi, tuliandikiana barua ndefu, tuliuguzana, tuligombania wapenzi, tulilea watoto wa wenzetu na wa kwetu. Ninayo kaseti ambayo rafiki yangu, sasa ni marehemu, alinirekodia muziki. Lebo yake ina mwandiko wake wa wino wa buluu, na katikati ya nyimbo mbili alisahau kukizima kinasa sauti, kwa hiyo anasikika akituhimiza tuinuke tucheze, na nyuma yake kuna mtu anacheka. Sauti hiyo ndiyo pekee iliyobaki ya mtu yule. Kijana mmoja alipojitolea kunihamishia kaseti hiyo kwenye kompyuta, hakuniuliza niliteseka vipi. Aliniuliza ni nani anayecheka. Swali hilo lilifungua habari za watu ambao sikuwa nimewataja kwa miaka mingi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtajia. Kwa hiyo waambieni wazee waje na kitu mkononi, na vijana waulize juu ya kitu hicho.

Pili, mtambue kwamba sisi wenyewe hatukuwa na wazee. Wengi wetu hatukuwahi kumwona mtu wa aina yetu aliyezeeka akiwa na amani, na kwa hiyo hatukujifunza kwa yeyote namna ya kuwa mzee wa LGBTQ. Msidhani tunakuja na hekima iliyokwisha kuiva. Wapo kati yetu waliooa au kuolewa ili kuwaridhisha wazazi, na leo wana wajukuu wasiojua lolote. Wapo walioishi waziwazi kwa miaka mingi, lakini sasa nguvu zimewaishia, wamehamia kwenye makazi ya kutunzia wazee au wamerudi kukaa na ndugu, na wamelazimika kujificha upya, wakimwita marehemu mwenzi wao «rafiki niliyekuwa nikiishi naye». Mtu kama huyo hamhitaji kijana kwa sababu ya historia. Anahitaji mtu mmoja ambaye mbele yake anaweza kumtaja mpenzi wake kwa cheo chake halisi.

Tatu, nanyi mtoe. Sipendi mpango ambao sisi tunavuliwa mioyo na vijana wamekaa na madaftari. Nataka kujua mnavyopendana siku hizi, mnaogopa nini, ni nani aliyewapokea mlipokataliwa. Vijana waliobadili jinsia, na wale wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake, wametusaidia baadhi yetu kuyaelewa mambo tuliyoyahisi ujanani bila kupata njia ya kuyaeleza. Tukikosea katika kuwataja, turekebisheni kwa upole, nasi tutajirekebisha.

Na lile ambalo waandaaji husahau: viti viwe na migongo, chumba kisiwe cha kupandia ngazi, taa ziwe na mwanga wa kutosha, na kila anayesema atumie maikrofoni hata kama sauti yake ni kubwa, kwa sababu mzee asiyesikia vizuri hataomba kurudiwa mbele ya watu, atatabasamu tu, na mara nyingine hatakuja.

Mtunza_Kumbukumbu

Shikamoo, Bi Mkubwa. Hilo la maikrofoni nitalibeba hadi kazini kwangu.

Ndugu Tumaini, mimi nafanya kazi ya historia simulizi na uhifadhi wa nyaraka, na nitaandika kwa kirefu kidogo kwa sababu swali lako la usalama ndilo ambalo miradi mingi mizuri huliacha hadi mwisho, wakati lilipaswa kuwa la mwanzo.

Historia yetu ina somo moja chungu kuhusu kukusanya kumbukumbu. Mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua mjini Berlin taasisi ya elimu ya jinsia iliyokusanya vitabu, picha na maelezo ya maisha ya watu ambao leo tungewaita wa LGBTQ, na ambayo pia iliwapa baadhi yao hifadhi na matibabu. Tarehe 6 Mei 1933 taasisi hiyo ilivamiwa na wanafunzi wafuasi wa Wanazi, na tarehe 10 Mei vitabu vyake vikachomwa hadharani. Kutokana na hilo mimi nimejiwekea kanuni mbili ambazo siziachi. Kumbukumbu isikae mahali pamoja tu, kwa sababu mahali pamoja panaweza kuteketea kwa siku moja. Na orodha ya majina isikae pamoja na masimulizi, kwa sababu orodha ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya huwa silaha dhidi ya walewale tuliotaka kuwaenzi.

Lakini hofu isitufanye tuache kukusanya, maana kuacha nako ni kuteketeza. Tazama kazi iliyofanyika New York tangu mwaka 1974, pale hifadhi ya wanawake wapenzi wa jinsia moja iitwayo Lesbian Herstory Archives ilipoanzishwa, ikakaa kwa miaka mingi katika nyumba ya kuishi ya Joan Nestle, mmoja wa waanzilishi wake. Walijiwekea misingi ambayo kikundi chochote kinaweza kuiazima: hifadhi ikae ndani ya jamii yenyewe, mwanamke mpenzi wa jinsia moja anayetaka kuitumia asiulizwe shahada yake, na ujuzi wa kuhifadhi ufundishwe na kizazi kimoja kwa kingine. Msingi huo wa mwisho ndio unaonivutia zaidi kwa ajili ya mada hii, kwa sababu unageuza uhifadhi wenyewe kuwa daraja. Waketisheni mzee na kijana na bahasha moja ya picha. Kijana aandike nyuma ya kila picha kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya na kuharibu uso wa picha: ni nani, wapi, mwaka gani, na ni nani aliyeipiga. Swali la aliyepiga picha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana mara nyingi mtu aliyependwa kuliko wote ndiye aliyeshika kamera, na hayumo katika picha hata moja.

Afrika Kusini wana hifadhi ya GALA, iliyoanzishwa Johannesburg mwaka 1997. Humo zimo nyaraka za Simon Nkoli, mtu aliyepigana na ubaguzi wa rangi na kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja kwa wakati mmoja, na ambaye alikuwa miongoni mwa walioandaa maandamano ya kwanza ya fahari (Pride) ya watu wa LGBTQ ya mji huo mwezi Oktoba 1990. Nkoli alikamatwa mwaka 1984 na kushtakiwa katika kesi ya uhaini ya Delmas, na akiwa gerezani aliwaeleza washtakiwa wenzake wazi kwamba ni mpenzi wa jinsia moja. Barua alizomwandikia mpenzi wake kutoka gerezani zimesalia. Kijana anayezisoma leo hakutani na jina la barabara wala sanamu. Anakutana na mtu aliyemkumbuka mpenzi wake akiwa kifungoni. Nkoli alifariki mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 41, na kama si barua hizo, upande huo wa maisha yake ungekwenda naye.

Kuhusu mahojiano, msimtafute mzee mmoja shujaa. Sarah Schulman na Jim Hubbard, walipoamua kuihifadhi historia ya ACT UP, kundi la wanaharakati wa UKIMWI la New York, waliwahoji watu 187, na thamani ya kazi yao imo katika kwamba watu hao hawakubaliani: mmoja anakumbuka mkutano kuwa wa umoja, mwingine anaukumbuka kuwa wa ugomvi. Kijana anayesikia sauti nyingi hujifunza kwamba waliomtangulia walikuwa watu wa kawaida waliokuwa na hofu na tofauti zao, na kwamba yeye naye anaweza kufanya jambo bila kuwa malaika.

Sasa ridhaa. Msiichukue mara moja tu. Ichukueni kabla ya kurekodi. Kisha mpeni mzee siku kadhaa, arudi asikilize alichokisema, na awe na haki ya kufuta sentensi, jina au mazungumzo yote bila kutoa sababu. Kisha ombeni tena pale ambapo masimulizi yake yanageuzwa kuwa kitu kingine, kama mchoro, igizo au shairi, kwa kuwa mtu anaweza kukubali kusikika na asikubali kuigizwa. Na kila mara muulizeni juu ya watu wengine anaowataja. Mpenzi wake wa mwaka fulani hakuketi mbele ya kinasa sauti chenu, hakutia saini popote, na huenda yu hai na ana familia. Hapo badilisheni jina, badilisheni kazi, ondoeni mtaa, hata kama hadithi itapungukiwa na ladha.

Simu za mkononi ziwekwe nje ya chumba au zizimwe. Picha moja iliyopandishwa mtandaoni kwa furaha, bila nia mbaya yoyote, inaweza kumtoa mtu nyumbani kwake.

Nyuma_ya_Pazia

Nitaongeza machache kuhusu jukwaa, maana wenzangu wamekwisha kusema mengi.

Iko namna ya maigizo, iliyoanzishwa mwaka 1975 nchini Marekani na Jonathan Fox na Jo Salas, ambayo mtu katika hadhira hueleza jambo lililompata, huchagua ni nani amwigize, na waigizaji huliigiza palepale bila mazoezi wala maandishi. Mwishoni wote humgeukia mwenye hadithi, naye husema kama ndivyo ilivyokuwa. Kwa mkutano wenu, kilicho cha maana ni huo mgeuko wa mwisho, kwa sababu humwachia mwenye hadithi mamlaka. Mzee akimwona kijana akiiigiza safari yake huona kwamba amesikika kweli. Kijana naye, baada ya kuubeba mwili wa mtu mwingine kwa dakika tano, huacha kusema kwamba watu wa zamani walikuwa waoga. Mfanye pia kinyume chake, wazee waigize habari za vijana. Hapo ndipo nimeona heshima kubwa zaidi ikizaliwa. Zoezi la maumivu makali, hata hivyo, lisifanywe bila mtu mwenye ujuzi wa ushauri nasaha chumbani.

Isidhaniwe pia kwamba urithishaji wa namna hii ni jambo jipya kwetu. Vijana Weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini waliofukuzwa makwao huko New York walijiundia, tangu miaka ya 1970, nyumba za mashindano ya mavazi na dansi zilizokuwa na mama na baba wa kuchaguliwa. Crystal LaBeija ni mmoja wa akina mama wa mwanzo kabisa. Mama wa nyumba alimfundisha kijana hatua za dansi, lakini pia alimfundisha mahali pa kulala, namna ya kujilinda na namna ya kusimama mbele za watu. Sanaa na malezi havikutenganishwa.

Na muda ni kila kitu. Chicago kuna mradi wa mazungumzo kati ya wazee na vijana wa LGBTQ ulioanza mwaka 2019, ambao washiriki wake hukutana tena na tena, hula pamoja, hujadili mada na hutengeneza kazi za sanaa kwa pamoja. Mpiga picha Zanele Muholi wa Afrika Kusini, naye, tangu mwaka 2006 amekuwa akiwapiga picha wanawake Weusi wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, na huwarudia baadhi yao baada ya miaka, ili picha zionyeshe mtu anavyokua. Mkutano mmoja mzuri hauwezi kufanya kazi hiyo. Bora kuwa na jozi chache zinazokutana kwa miezi kuliko ukumbi uliojaa kwa siku moja.

Tumaini_Pembeni

Nawashukuru sana, na wewe Bi Mkubwa nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu maneno yako juu ya mtu anayejificha upya uzeeni yamebadilisha mpango wetu. Tutaanza na jozi chache, meza moja ya kushonea, na kila mzee aje na kitu kimoja. Kurekodi tutakuacha hadi watu wazoeane.

Limebaki swali moja, nalo namwelekezea Mtunza Kumbukumbu. Mmoja wa wazee wetu anataka habari zake zisipotee, lakini hawezi kutoa jina, wala sura, wala sauti, kwa kuwa watoto wake wangemtambua mara moja. Je, tunaweza kumsaidia, au tumwache apumzike?

Mtunza_Kumbukumbu

Msimwache. Mtu aliyesema anataka habari zake zisipotee amekwisha kuamua, na kazi yenu ni kutafuta njia inayomlinda.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Akae na kijana mmoja tu anayemwamini, asimulie, na kijana aandike kwa mkono bila kurekodi. Kisha wapitie maandishi pamoja na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha: idadi ya watoto, kazi, mwaka kamili, maneno ambayo familia yake inajua kwamba ni yake. Waulizane kila mara kama tukio lenyewe limebaki kweli hata baada ya mabadiliko hayo. Maandishi yakikamilika, mtu mwingine wa rika lake ayasome kwa sauti mbele ya kikundi, ili mzee mwenyewe awe miongoni mwa wasikilizaji na asijulikane kuwa ndiye mwenye hadithi. Wengi hupata faraja kubwa kwa kuyasikia maisha yao yakisikilizwa kwa heshima kabla hawajaombwa kujitokeza.

Kama anataka nakala kamili ibaki, lifungeni toleo hilo kwenye bahasha na mliwekee masharti ya muda, kama hifadhi nyingi zinavyofanya: lisifunguliwe hadi mwaka fulani, au hadi baada ya kifo chake na cha watu aliowataja. Masharti ayaandike yeye kwa mkono wake. Bahasha ipewe namba badala ya jina, na anayejua namba ni ya nani awe mtu mmoja tu, aliyechaguliwa na mzee mwenyewe, pamoja na mbadala wake endapo huyo atatangulia kufa. Kabla ya kuipokea mjulisheni pia, kwa ukweli wote, kwamba hakuna hifadhi inayoweza kumhakikishia usalama kwa asilimia mia, ili aamue akijua.

Akibadili nia wakati wowote, arudishiwe bahasha yake siku hiyohiyo, pasipo kuulizwa chochote.